TICHA ALIYEGEUZA UKUTA WA WADAIWA KUWA UBAO, Corona Ilipofunga Shule Sigi

Ukifungua bomba Tanga mjini, hayo maji yametoka Sigi. Mto Sigi, wengine wanauita Zigi, unashuka kutoka milima ya Usambara Mashariki mpaka bwawa la Mabayani, watu wa mjini wanaoga, wanapikia, maisha yanaendelea. Mwaka 2020, nchi nzima ilipokuwa inaambiwa nawa mikono nawa mikono, watu wa Tanga mjini walikuwa wananawa kwa maji yanayopita mlangoni kwa watu ambao hawawajui hata kwa sura.

Hii stori ni ya hao watu.

Sigi yenyewe ni sehemu ndogo tu, ukitoka Muheza kwenda Amani, pale msitu unapoanza kukufunika. Enzi za Mjerumani kulikuwa na reli nyembamba iliyofika hapo kubeba mbao. Reli haipo tena, lakini nyumba ya stesheni masta ipo, siku hizi inapokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ile iliyotangazwa mwaka 1997. Wageni wanakuja kupiga picha vinyonga na maporomoko. Wenyeji wanalima: machungwa, muhogo, ndizi, pilipili manga, na ukipanda juu zaidi, iliki. Watoto wao wanasoma shule ya msingi ya serikali, ya kawaida kabisa, paa la bati, uwanja wenye mteremko, mpira ukipigwa vibaya unaufuata bondeni.

Kwenye shule hiyo kulikuwa na ticha mmoja wa kujitolea. Wadau wa mjini labda hawalijui hili neno vizuri. Ticha wa kujitolea ni mtu mwenye cheti chake cha ualimu halali, kasoma, kafaulu, ila ajira ya serikali bado haijamfikia. Anafundisha kama walimu wengine, anasahihisha kama walimu wengine, ila mwisho wa mwezi wenzake wanapata meseji ya benki na yeye anasubiri michango ya wazazi. Kwa huyu ticha ilikuwa elfu themanini, mwezi ukiwa mzuri. Mwezi ukiwa mbaya ilikuwa elfu thelathini na mkungu wa ndizi. Binti wa miaka 26, kwao Korogwe, anafundisha Hesabu na Sayansi darasa la saba. Amepanga chumba kimoja uani kwa bi mkubwa mmoja mjane.

Machi 16, 2020, Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya wakati ule na mwenyewe mtu wa Tanga, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa corona Tanzania. Kesho yake, Machi 17, Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza shule zote zinafungwa siku 30, kuanzia chekechea mpaka kidato cha sita. Sigi walisikia kwenye redio dukani kwa Mangi. Watoto waliokuwa wametumwa chumvi walirudi nyumbani wanakimbia, wanashangilia likizo. Asubuhi wengine wakaja shule kama kawaida kwa sababu kwao hakuna redio, mwalimu mkuu akawarudisha mmoja mmoja pale getini.

Siku 30 zilipoisha hazikuisha. Ikawa mpaka itakapotangazwa tena.

Walimu wa serikali wenye familia mbali wakaenda makwao, na hapo hakuna wa kulaumu, mshahara ulikuwa unaingia na shule imefungwa, ungekaa unafanya nini? Lakini kwa ticha wa kujitolea hesabu ilikuwa nyingine. Shule ikifungwa hakuna michango. Mpishi wa uji vilevile. Mlinzi vilevile. Hawa watu watatu walikatika kipato siku ileile na hakuna tangazo lolote lililowataja.

Mama yake akampigia kutoka Korogwe: rudi nyumbani mwanangu, ugonjwa huu usikukute ugenini. Rafiki yake naye akamwambia kuna duka la vipodozi Tanga linatafuta binti wa kuuza, laki na nusu kwa mwezi. Laki na nusu! Karibu mara mbili ya anachopata akiwa na chaki mkononi.

Hakwenda.

Baadaye watu wa Sigi walisema alibaki kwa upendo wa watoto, na ndivyo stori inavyosimuliwa mpaka leo. Ukweli wa mwanzo ulikuwa mwingine. Alikuwa anadaiwa. Kodi ya chumba miezi miwili, na kwa Mangi elfu arobaini na sita na mia tano za sukari, mafuta, mkaa na vocha. Kule huwezi kuondoka na deni, utapandaje gari la Muheza asubuhi wakati gari lenyewe linasimama mbele ya duka unalodaiwa?

Na Mangi hakuwa mtu wa kunong'ona. Alikuwa na karatasi kubwa kaigongelea ukutani nje ya duka, juu imeandikwa kwa maka peni nyeusi WADAIWA SUGU, chini majina na kiasi. Ticha alikuwa namba mbili. Namba moja alikuwa fundi baiskeli ambaye hata hajali.

Jioni moja mwanzoni mwa Aprili ticha amekaa barazani kwa bi mkubwa, anaangalia watu wanaenda dukani na kurudi. Akagundua kitu. Kila anayekuja kununua kiberiti anasimama kwanza kwenye ile karatasi na kuisoma. Watoto ndio kabisa, wanaisoma kwa sauti, wanaitana waje kuona nani kaongezeka. Yaani watoto walewale ambao darasani kuwasomesha aya moja ya Kiswahili ni vita.

Akaenda kwa Mangi. Akamwomba ukuta.

Mangi akamwambia, ticha, wewe ni mdaiwa, unawezaje kuomba ukuta? Akacheka, lakini baada ya siku mbili alikuwa amebandua ile karatasi na kuihamishia ndani ya duka. Akatoa na manila tatu bure. Kiukweli manila hazikuwa bure, aliziandika kwenye deni, ila hilo lilijulikana baadaye.

Mwalimu mkuu alikuwa amekataza jambo moja tu: asikusanye watoto. Agizo ni agizo. Kwa hiyo hakukuwa na kipindi, hakukuwa na kukaa chini. Jumatatu na Alhamisi ticha anabandika maswali kumi ya darasa la saba. Mtoto akija kutumwa ananawa kwenye ndoo ya koki, ananakili maswali, anasepa. Akishajibu nyumbani analeta daftari, analitumbukiza kwenye boksi la sabuni za mche lililowekwa pembeni ya mlango. Jioni ticha anachukua boksi. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika kirusi kinakaa wapi na kinakaa muda gani, madaftari yalikuwa yanaanikwa kwanza juu ya mkeka, juani, kama karafuu. Bi mkubwa akipita anayageuza upande wa pili bila kuambiwa.

Serikali nayo ilikuwa inajitahidi, Taasisi ya Elimu ikaandaa vipindi vya masomo vya redio na TV. Vizuri tu. Ila lile bonde, redio yenyewe inashika ukisimama upande fulani wa nyumba, na TV unazihesabu kwa vidole. Ukuta wa Mangi ulikuwa unashika muda wote.

Wiki ya pili tu wino mwekundu ukaisha. Ticha akaanza kusahihisha kwa kalamu ya bluu, na hapo ndipo palipotokea malalamiko makubwa kuliko ya corona yenyewe. Watoto wakagoma. Wakasema vema ya bluu siyo vema, hata wao wanaweza kujiwekea. Mmoja akarudisha daftari na kikaratasi: "Ticha hii haihesabiki." Baba mmoja wa bodaboda aliyempeleka abiria Muheza akarudi na kalamu nyekundu mbili mfukoni. Hakusema kitu. Aliziweka kwenye boksi la sabuni pamoja na madaftari na kuwasha pikipiki.

Shukrani zilianzia hapo, kimyakimya. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili, mlango wa ticha ukaanza kugongwa magharibi. Leo bakuli la muhogo wa nazi, kesho tambi, keshokutwa uji wa pilipili manga. Wasiofunga nao walikuwa wanaleta. Mama mmoja Mkristo, mwanaye yuko darasa la tano na hayumo hata kwenye hayo maswali, alileta ndizi mzuzu na kusema, mwanangu anasimama pale ukutani anajaribu ya kaka zake, basi na mimi nimo.

Usidhani kila kitu kilikuwa kitamu. Mei ilikuwa mbaya. Machungwa ya Muheza soko lake kubwa ni Kenya, kila mtu anajua. Mei 16 Kenya ikatangaza kufunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, malori ya mizigo yakaachwa kupita lakini madereva wapimwe kwanza, na mpakani kukawa na mvutano, wa huku wanazuia wa kule, wa kule wanazuia wa huku. Machungwa hayajui mvutano. Yanaiva tu. Sigi yalianza kudondoka chini ya miti, harufu yake unaisikia barabarani, na hakuna dalali anayepiga simu. Mzazi ambaye Machi aliahidi kulipa mchango shule ikifunguliwa, Mei alikuwa anafikiria chumvi. Wageni wa hifadhini nao hawakuja, vijana wanaotembeza watalii wakarudi kushika jembe.

Watoto nao walikuwa na maswali yao ambayo hayamo kwenye manila. Mmoja alimuuliza ticha, mbona misikiti na makanisa vimeachwa wazi na Rais katangaza siku tatu za maombi, halafu shule ndiyo imefungwa? Ticha akamwambia nenda kanawe.

Sasa kwenye lile darasa la watoto 23 kulikuwa na binti mmoja wa ng'ambo ya mto, anaishi na bibi yake. Mkali wa Hesabu na mbishi kupita kiasi. Mara moja aliandika chini ya kazi yake: "Ticha swali la 4 umekosea wewe." Ticha akalipiga upya usiku kucha, ni kweli, alikuwa kakosea. Akamwekea vema kubwa iliyojaa nusu ukurasa. Daftari la huyu binti ndilo lililokuwa la kwanza kwenye boksi kila mara, anavuka mto asubuhi kabla Mangi hajafungua.

Masika ilipochanganya, mto ukajaa. Wiki mbili hakuna anayevuka. Maji yalipopungua madaftari ya ng'ambo yakaanza kuja tena, moja, mawili, manne. La yule binti halikuja.

Ticha akasubiri Alhamisi, akasubiri Jumatatu. Kisha akamwomba mlinzi wa shule amsindikize. Huyu mlinzi naye ana lake: hakulipwa hata mia tangu Machi, lakini kila usiku alikuwa analala kwenye lile jengo tupu kwa sababu, anasema, madawati hayajaacha kuwa madawati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni, karibuni. Kaeni mbali mbali kama mnavyosema."

Bibi akawapa machungwa, fuko zima, maana yalikuwa yanaoza. Halafu bila kuulizwa akasema: ameenda Tanga. Alikuja mtu kumchukua, kazi za ndani, nyumba nzuri, anakula vizuri. Ticha akaanza kueleza kuhusu mtihani, kwamba jina la mtoto lipo, kwamba shule haiwezi kufungwa milele, kwamba kwa akili ile atafika mbali. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, wewe umemletea karatasi, na Mungu akulipe. Lakini mtoto hali karatasi."

Ticha hakuwa na jibu. Na ukweli ni kwamba hakuna mtu mwenye jibu la hapo. Ni rahisi kukaa mjini na kumsema bibi. Bibi hakumuuza mtoto. Bibi alikuwa na machungwa ambayo hayanunuliki na tumbo la msichana wa miaka 14, na ile shule iliyokuwa inampa uji wa saa nne ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Waliondoka pale wana fuko la machungwa na namba ya simu imeandikwa kwenye ganda la kiberiti.

Juni 29 shule zikafunguliwa. Siku zaidi ya mia moja. Asubuhi ile walijipanga mstarini, ndoo za maji tiririka getini, barakoa za vitambaa vya vitenge, nyingine kubwa kuliko uso. Darasa la saba wakahesabiwa. Ishirini na wawili.

Jumamosi moja ya Julai kamati ya shule ikaitisha mkutano wa wazazi. Ajenda zilikuwa nyingi kwenye karatasi ila watu walikuwa wamekuja kwa moja. Mwenyekiti akasimama akamwita ticha mbele, na vitu vikaanza kumiminika: kuku wawili, kilo mbili za pilipili manga, iliki iliyofungwa kwenye leso, mikungu ya ndizi, gunia la machungwa bila shaka. Na doti ya kanga. Aliyenunua kanga hakusoma maneno, yalikuwa ya kumpiga kijembe mke mwenza, na ticha hata mume hana. Wamama walicheka mpaka wengine wakatoka nje.

Ticha akapewa nafasi aseme neno. Akasema asanteni. Halafu akasema, jamani, mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nadaiwa.

Kukawa kimya kidogo. Akaendelea kwamba siyo yeye peke yake, akamwita mlinzi mbele, akamwita mpishi, akasema hawa nao hawakulipwa na hakuna aliyewakumbuka. Mlinzi alikuwa kakaa nyuma kabisa, ikabidi asukumwe. Kuku mmoja akahamia kwake, na iliki ikaenda kwa mpishi.

Mangi naye hakukubali kupitwa. Akasimama na kusoma kwa sauti kutoka kwenye daftari lake: elfu arobaini na sita mia tano, ukijumlisha manila, elfu hamsini na mbili. Kafuta. Watu wakapiga vigelegele. Akainua mkono kutuliza. "La ticha tu. Ya wengine yapo palepale." Fundi baiskeli alicheka kuliko wote.

Ni vizuri kusema na hili pia: posho ya ile miezi ya corona haijawahi kulipwa. Kamati iliahidi machungwa yakipata soko, machungwa yakapata soko, ahadi ikasahaulika. Kuku aliliwa, kanga ilivaliwa, lakini kodi ya chumba bi mkubwa aliisamehe nusu na nusu nyingine ticha aliimaliza Desemba. Watu wale walimpenda kweli, na kweli hawakumlipa. Vyote viwili vilitokea kwa wakati mmoja, kwa watu walewale.

Pale mkutanoni, wakati wanampigia makofi, ticha alikuwa anajua ganda la kiberiti liko kwenye pochi yake.

Namba alishaipiga mara tatu. Mara ya kwanza mama mwenye nyumba alipokea, akasema binti yupo salama, ana kazi. Mara ya pili haikupokelewa. Mara ya tatu mama akasema basi, akimaliza vyombo atakubip. Saa nne usiku simu ikalia mara moja na kukatika. Ticha akapiga.

Sauti ya binti ilikuwa chini, kama anaongelea ndani ya kabati. Hakusema habari za huko. Aliuliza: "Ticha, mmefika wapi?"

Walikuwa wamefika sehemu na desimali. Ticha akamsomea swali la kwanza kwenye simu, taratibu, tarakimu kwa tarakimu, upande wa pili inasikika kalamu inakwaruza. Walifika la sita vocha ikakata. Ikawa ndiyo ratiba, kila Jumamosi usiku, vocha ya buku, maswali sita. Hakuna aliyejua zaidi ya Mangi, na yeye alijua kwa sababu ticha kila Jumamosi alikuwa anakuja kununua vocha ya buku kwa pesa taslimu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mwezi Septemba mwalimu mkuu akaingia kwenye hilo, akaongea na mama wa Tanga kwa heshima zote, mtu mzima kwa mtu mzima. Haikuwa rahisi. Mama alisema nyumba yake ina watoto wadogo, nani atawaangalia? Mwisho akakubali siku tano.

Binti alishuka kwenye gari la Muheza Jumapili, Oktoba 4, karefuka, mikono imebabuka kwa sabuni ya unga. Bibi yake alikuwa amekaa pale mbele ya duka tangu asubuhi.

Mtihani wa taifa wa darasa la saba mwaka ule ulikuwa Oktoba 7 na 8. Walimu hawasimamii shule yao wenyewe, wanakuja wageni, na ticha wa kujitolea ndiyo kabisa hatakiwi kuonekana jirani. Alisimama kwenye ndoo ya maji getini akiwamiminia mmoja mmoja mikononi, ishirini na tatu, mpaka msimamizi alipomwomba aondoke. Akaenda kukaa kwa Mangi, chini ya ule ukuta. Misumari ya manila ilikuwa bado ipo, na karatasi ya WADAIWA SUGU ilisharudi.

Mtihani wa Hesabu ulipoisha watoto waliteremka wanapiga kelele, kila mmoja ana jibu lake. Yule wa ng'ambo alikuja wa mwisho, anatembea taratibu, rula mkononi. Alifika mpaka barazani, akasimama.

"Ticha, lile la desimali limetoka."

"Umelipata?"

"Swali lenyewe wamelikosea kuandika," akasema. "Ila nimelipata."